Neno la Siri la Wifi

Kwetu kiwandani neno wifi lina maana mbili, na zote mbili ziliingia kwa mlango mmoja, siku moja, zikanikaa kooni kwa pamoja.

Ya kwanza ni mke wa mdogo wangu. Ya pili ni kile kiboksi cheupe chenye antena alichokuja nacho kwenye begi. Baba alikitoa kwenye karatasi zake kwa mikono yake mwenyewe, akavaa miwani, akasoma kwa sauti mbele ya wafanyakazi wote: "Wi-fi."

"Inasomwa waifai, Baba," mkamwana wake akasema kwa ile sauti yake laini, kama anayembembeleza mtoto.

"Mimi nasoma kilichoandikwa," Baba akajibu. "Haya jamani, wifi kaleta wifi!"

Watu wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu. Tangu siku hiyo hakuna aliyesema waifai tena pale kwetu. Mtu akiuliza "wifi imeamka?" ujue ni kiboksi. Akiuliza "wifi ameamka?" ujue ni yeye. Mimi nilikuwa nawachukia wote wawili, kwa hiyo hata mtu akikosea ngeli hakunisumbua.

Usinitazame hivyo. Hebu nikueleze kwanza, halafu useme kama wewe roho isingekuuma.

Kiwanda chetu ni cha maziwa. Yanapokelewa nyuma, yanachemshwa kwenye mtambo, yanapozwa, yanapakiwa, yanaingia chumba baridi yakisubiri gari. Baba ndiye mwenye kiwanda. Mimi ni mtoto wake wa kwanza, na chini, kwenye mitambo, mimi ndiye niliyekuwa nasimamia kila kitu tangu mdogo wangu akiwa bado anavaa kaptura za shule. Wafanyakazi wananiita Dada Mkubwa. Baba alikuwa na desturi moja. Kila asubuhi, kabla hata ya salamu, alishuka ngazi akiwa na kikombe chake cha chai na kuniuliza, "Binti yangu, maziwa yameamkaje?" Nami namjibu: tangi hili limelala vizuri, chumba kile kimehema sana, boila inakohoa. Anaitikia kwa kichwa, anamaliza chai, anapanda juu. Swali hilo lilikuwa langu. Mdogo wangu hajawahi kuulizwa hata siku moja, yeye kazi yake ni magari.

Juu ofisini kuna kiti cha ngozi kilichopasuka mkono mmoja. Baba magoti yamemchoka, akasema mwaka huu hautaisha akiwa amekikalia. Hakusema atamwachia nani. Nilikitaka kile kiti. Sizunguki: nilikitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu, na nilijua ni changu, mpaka huyu binti alipoolewa kwetu na digrii yake ya mitambo na begi lake la vifaa.

Akaanza kubandika. Pampu ikabandikwa kidude, boila ikabandikwa kidude, kila chumba baridi kikabandikwa viwili. Vidude vyenyewe vidogo kama kiberiti, vinasikiliza joto na mtikisiko na mkondo wa maziwa, vinapeleka habari kwa wifi, na wifi inapeleka kwenye simu yake. Siku ya kuonyesha, alisimama katikati ya sakafu, akagusa simu kwa kidole kimoja, na pampu ya nyuma kabisa ikawaka yenyewe. Baba alipiga makofi. Baba yangu mimi, ambaye sijawahi kumwona akipiga makofi hata kwenye harusi, alipiga makofi akizunguka kama mtoto. "Kidole kimoja tu! Mmeona? Kidole kimoja!"

Mimi mikono yangu yote miwili ina makovu ya ile pampu. Hakuna aliyewahi kuipigia makofi.

Ndipo neno likanitoka mdomoni. Wifi alipopanda juu, nikamgeukia fundi wa boila, yule tunayemwita Masizi, nikasema, "Basi tumepata Bi Kidole." Masizi alicheka mpaka akakaa chini kwenye ndoo. Kabla ya chakula cha mchana jina lilikuwa limefika kwa wapakiaji, jioni likawa limepanda kwenye magari. Bi Kidole kasema hivi. Bi Kidole hataki vile. Mbele yake ni "shemeji" na "mama" na heshima tele. Akigeuka tu, Bi Kidole. Nililisikia kila kona na kila mara nilihisi utamu fulani mdomoni.

Maana Baba aliacha kushuka ngazi. Sikwambii uongo. Habari za vile vidude ziliingizwa kwenye simu yake pia, akawa anaamka nyumbani kwake, anavaa miwani, anajua kila kitu kabla hajashusha miguu kitandani. Alikuja ofisini moja kwa moja, kikombe mkononi, na kunipungia mkono kwa juu. Asubuhi ya kwanza nilisimama chini ya ngazi nikisubiri. Ya pili pia. Kisha nikaacha kusimama pale, nikawa najifanya nina kazi upande wa boila.

Na masharti ya wifi sasa! Mitambo iwe na njia yake ya mtandao, peke yake, simu ya mtu isiingie humo hata kwa dakika. Mtu akileta kifaa chochote cha kuchomeka, kwanza akamwonyeshe yeye. Maneno ya siri yaliyokuja na vifaa kutoka dukani aliyabadilisha yote siku ile ile, eti yale yanajulikana dunia nzima. Dereva mmoja alipoacha kazi, kabla hajafika getini alikuwa ameshaondolewa kwenye mfumo. "Anayeondoka anaondolewa, wifi," aliniambia, ingawa sikumuuliza. "Si kwa ubaya. Mlango usio na mwenyewe ndio wezi wanaoutafuta."

"Wezi gani wa kuja kuiba maziwa kwa simu?" nikamwambia. "Watayabeba kwenye nini, kwenye chaji?"

Akacheka. Ndilo jambo lililokuwa likinimaliza kwa yule binti: unamrushia jiwe, yeye anacheka kwa moyo kabisa. Kisha akanionyesha swichi nyekundu alizoweka kwenye kila mtambo, ndani ya visanduku vya kioo. Ukizipiga, mtambo unakatika kwenye mtandao na kurudi kwenye mikono ya watu. Kila wiki alitaka tufanye zoezi: tupige swichi, tuendeshe kila kitu kizamani, mimi nikiwa mkuu wa zoezi.

"Kama kidole chako kina akili hivyo, mikono yetu ya nini?"

"Siku vifaa vikinisaliti," akasema, "nitakutegemea wewe."

Nikaona ananitania. Lakini zoezi nililifanya, kila wiki, nikinuna, maana kwenye zoezi watu wanarudi kuniuliza mimi.

Simu yangu mimi ni ile ya vitufe, yenye tochi. Mdogo wangu aliniletea ya kisasa nikamrudishia. Nilisema sitashika kitu cha kupapasa. Ng'o.

Basi likaja jambo la hospitali. Hospitali kubwa ilitaka maziwa yetu kwa wagonjwa na watoto, na Baba akaitwa kwenda kukubaliana. Kila mtu kiwandani alijua: atakayekwenda na Baba hospitali ndiye atakayekaa kwenye kile kiti. Asubuhi hiyo nilivaa gauni langu la kola, lile la bluu, nikaja nalo kazini ndani ya koti jeupe. Baba alishuka ngazi. Akaniangalia, akasema, "Binti yangu, umependeza. Leo kiwanda nakuachia." Akamgeukia wifi. "Mama, twende, uwaonyeshe kwenye simu jinsi tunavyoyalinda."

Mdogo wangu akawafungulia mlango wa gari. Wifi alinitazama dirishani, akataka kusema kitu, gari likaondoka. Mimi nikajifanya nafunga kifungo cha koti. Nilimwonea wivu. Si kiti tu. Niliionea wivu hata siti ya gari, nililionea wivu hata neno "mama".

Mchana, Masizi akaja mbio. "Dada Mkubwa, njoo uone skrini."

Skrini ya mtambo wa kuchemshia ilikuwa imejaa maandishi ya lugha nisiyoijua, mekundu, na chini yake neno moja ninalolijua la kudai pesa. Nikaangalia chumba baridi: kompresa kimya. Cha pili: kimya. Pampu ya maziwa ilikuwa inakimbia kuliko inavyotakiwa, na kipimo cha joto kimesimama kwenye namba ile ile, hakipandi, hakishuki, kana kwamba hakuna kinachopita. Watu wote wakasimama wakinitazama.

Na mimi, mwenzangu, nilifurahi.

Nilifurahi mpaka nikaogopa. Kichwani niliona picha nzima: Baba anarudi, maziwa yamechacha, chumba kinanuka, na Bi Kidole na vidude vyake amesimama katikati hana la kusema. Sikuhitaji kufanya kitu chochote. Nilihitaji tu kuchelewa. Nilikuwa nimeshika kisanduku cha kioo cha swichi nyekundu, kidole kwenye kioo, na sikukifungua.

"Dada Mkubwa," Masizi akasema, "tufanye kama zoezi?"

Nikageuka nikayaona matangi. Ya asubuhi ile yalikuwa mazuri, nilikuwa nimeyapokea mwenyewe, ya kina mama wanaoyaleta wamebeba wenyewe tangu alfajiri. Maziwa hayakuwa yamenikosea kitu.

"Zoezi!" nikapiga kelele. "Kila mtu kwenye swichi yake! Haya!"

Visanduku vikafunguliwa, swichi zikapigwa, mitambo ikanyamaza, kisha ikaanza kuamka kwa mikono yetu, mmoja baada ya mwingine. Kompresa zikakohoa, zikashika. Hakuna aliyeuliza afanye nini. Kila mmoja alijua mahali pake, na nilikasirika kidogo kukumbuka ni kwa sababu ya nani. Ndipo nikapiga simu.

"Wifi," nikasema, "vidude vyako vimeingiliwa."

Sikusikia kilio, wala "Mungu wangu". Aliuliza, "Swichi?"

"Nimeshapiga zote."

Nikasikia akishusha pumzi. "Asante. Tuko njiani tunarudi. Baba yuko hapa, anataka kusikia, nimeweka spika. Usiamini namba yoyote iliyo kwenye skrini. Kompyuta ya ofisini wezi hawajaifunga?"

Nilipanda ngazi. Haikuwa imefungwa. Nikakaa kwenye kiti cha ngozi kwa sababu hakukuwa na kingine. Ndivyo nilivyokikalia mara ya kwanza, jasho linanitoka, sina hata muda wa kukisikia.

"Usiing'oe wifi ukutani," akasema, "nataka baadaye nijue aliyeingia alipita wapi. Ingia ndani yake, kuna mahali pameandikwa 'Ondoa wote'. Bonyeza hapo tu."

"Inataka neno la siri."

Nilisikia injini ya gari tu.

"Wifi? Unanisikia? Neno la siri ni lipi?"

"Ni..." Akakohoa. "Ni lile jina."

"Jina gani?"

"Lile ulilonipa."

Nilihisi masikio yanawaka moto. Kwa nyuma nikamsikia Baba: "Jina gani tena? Mtajie bwana, maziwa yanaharibika!"

"Analijua, Baba," wifi akasema taratibu. "Wifi, andika herufi ndogo zote, bila nafasi."

Nikaandika. Sijui kompyuta, nilitafuta herufi moja moja, kwa kidole kimoja. B. I. K. I. Kila herufi ilikuwa inanitazama. Nilipofika mwisho nikabonyeza, na ikafunguka.

Nyuma yangu Masizi akavuta pumzi kwa mshangao. Alikuwa amenifuata juu nisijue. "Lo! Dada Mkubwa," akasema, "mbona hilo hata sisi tunalo?"

"Mnalo nini?"

"Neno. Nilijaribu siku moja kwa mzaha tu, likakubali. Tukawa tunaangalia mpira. Wapakiaji wote wamo humo."

"Na hamkusema?"

"Tungesemaje?" Masizi alikuwa karibu kulia. "Tumwendee mama wa watu tumwambie, 'Samahani, neno lako la siri ni Bi Kidole'? Na wewe tungekwambiaje, ukituuliza tumelijaribuje? Tulikaa kimya tu."

Simu ilikuwa bado mezani, spika imewashwa upande wa pili. Nikabonyeza "Ondoa wote" na kukata simu.

Niliporudi chini nilikuta tangi la maziwa yaliyopita kwenye mtambo wakati kipimo kimesimama. Yamechemka, hayakuchemka, nani ajuaye? Nikasema, "Mwageni." Wakaniangalia. "Mwageni! Hayo yangekwenda kwa watoto." Yakamwagwa, na mimi nikasimama pale mpaka sakafu ikaoshwa. Chumba baridi cha kwanza na cha pili, maziwa yote yalipona.

Baba aliingia bila kuvua kofia. Tulikaa ofisini watu watano: yeye, mimi, mdogo wangu, mkewe, na Masizi aliyejibanza karibu na mlango. Wifi alifungua kompyuta, akasoma, akamuuliza Masizi maswali machache kwa upole, na kabla hata chai haijaletwa alishapata jibu. Simu ya Masizi ilikuwa na kitu cha kuangalia mpira bure, na ndani ya kitu hicho kulikuwa na mwizi. Aliiba neno la siri lililokaa kwenye simu, akalijaribu kwenye mitambo, nayo ikafunguka, kwa sababu mitambo yote ilikuwa na neno hilo hilo moja.

"Kosa ni langu, Baba," akasema. "Neno moja kwa milango yote. Na nilichagua neno jepesi."

"Neno gani hilo?"

Akainamisha macho. "Jepesi tu, Baba."

"Binti, nimekuuliza neno gani. Garini sikulisikia vizuri."

Na mimi nikamtazama pale alipokaa, mikono magotini, akibeba lawama zote ili jina lile lisitajwe mbele ya Baba. Mdogo wangu naye anamtazama hivyo hivyo, kwa macho ya mtu aliyeoa vizuri. Wivu ukanipanda. Hata kwenye kosa lake anashinda! Amekosea, na bado yeye ndiye mwema, na mimi ndiye ninayefichwa kama takataka chini ya zulia. Sikumwachia. Usifikiri ni wema. Nilikataa tu awe mwema kuliko mimi ndani ya chumba kile.

"Bi Kidole," nikasema. "Neno ni Bi Kidole. Nilimpa mimi hilo jina, siku ile uliyopiga makofi. Kiwanda kizima wanamwita hivyo akigeuka. Ndiyo maana Masizi alilijua."

Baba alivua kofia, akaiweka mezani. Akamuuliza wifi, "Ulijua wanakuita hivyo?"

"Nilisikia mlangoni, wiki ile ile."

"Na ukaliweka kuwa neno la siri?"

"Nilifikiri..." Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikatika. "Nilifikiri ndilo neno pekee ambalo hakuna mtu atakayelitamka mbele yangu."

Baba aliigeuza kofia pale mezani. Kisha akasema, wala hakupandisha sauti:

"Kiti atakikalia yeye. Si kwa sababu hakukosea, kakosea, na atarekebisha. Wewe, binti yangu, leo umeokoa maziwa, na nitalisema hilo kwa kila mtu. Lakini kiwanda kizima kilijua mlango uko wazi, na hakuna aliyeweza kufungua mdomo, kwa sababu kusema kulikuwa ni kurudia matusi yako. Siwezi kumwachia kiwanda mtu ambaye chini yake watu wanakosa njia ya kusema."

Sikulia pale. Nilishuka, nikapitia mlango wa nyuma, nikaenda kulia kwenye chumba baridi, maana mle mashine zinanguruma na machozi yanapoa upesi.

Niliapa sitarudi. Asubuhi nilirudi. Maziwa yanakuja tu, hayajui umegombana na nani. Nilivaa koti, nikafungua valvu, nikampita Masizi bila kumsalimu. Juu, kupitia kioo, nilimwona kwenye kiti. Alikuwa ameweka mto mdogo upande ule uliopasuka. Sikupenda hata mto.

Simu yangu ya vitufe ikalia. Baba, kutoka nyumbani.

"Hii simu yangu imekufa," akalalamika. "Natazama vidude, inaniambia sina ruhusa. Mimi! Kiwanda nimejenga mwenyewe, inaniambia sina ruhusa!"

"Labda wifi imelala, Baba."

"Haijalala. Nimempigia mwenyewe, anasema kanuni ni kanuni, aliyestaafu anaondolewa. Eti nikitaka habari nikupigie wewe." Nikasikia kijiko kikigonga kikombe. "Haya basi. Binti yangu, maziwa yameamkaje?"

Nilishika bomba la boila nikaungua, nikaliachia. Kisha nikamwambia: tangi la kwanza limelala vizuri, chumba cha pili kimehema sana kwa sababu ya jana, boila inakohoa kama kawaida yake. Akasema "Aaa," kama zamani, nikamsikia akimaliza chai.

Nikapanda ngazi. Sikubisha hodi.

"Umemwondoa Baba kwenye mfumo."

"Kanuni, wifi," akasema bila kuinua macho kwenye kompyuta. "Anayeondoka anaondolewa. Si kwa ubaya."

"Usinidanganye."

Sasa akainua macho. Yalikuwa mekundu, kama yangu. Akasogeza kiti kingine karibu na chake.

"Wafanyakazi nimewapa mtandao wao wa mpira, hauna njia ya kufika kwenye mitambo," akasema. "Kila mtambo utakuwa na neno lake. Mengine nimeyatunga, magumu, hata mimi yananichosha. Lakini la wifi yenyewe, la mlango mkubwa, nataka ulichague wewe. Liwe refu. Na liwe neno ambalo hakuna mtu humu kiwandani amewahi kulisikia likitoka mdomoni mwako."

Nikacheka kwa dharau. Maneno yote nimeshayatoa mimi, matusi, kelele, majina. Nikasimama pale nikitafuta, na kila nililolipata nilikumbuka nimeshampigia mtu kelele nalo. Chini boila ilikuwa inakohoa. Kisha nikalipata, na nikatamani nisilipate.

Nikainama mpaka sikioni kwake. "Nisamehe wifi yangu," nikasema.

Vidole vyake vikasimama juu ya vitufe. Hakugeuka.

"Hilo ndilo neno," akauliza polepole, "au unaniambia?"

"Andika tu."

Akaandika. Nilimwona akifuta jicho kwa mkono wa kulia na kuandika kwa wa kushoto, kidole kimoja.

"Inataka herufi kubwa moja," akasema. "Niweke wapi?"

"Kwenye Wifi," nikamwambia.